Mimea ya Brezili na wasaidizi wake

Inchi ya Brezili, katika Amerika ya Kusini, yapita inchi zote za dunia kwa namna za mimea. Wenye elimu wamekwisha kuhesabu humo namna zaidi ya 30,000 za mimea yenye kutoa maua. Mojawapo twaijua vema, maana twaila kila siku: ndiyo muhogo, ambao Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16.

Lakini wingi huo si kama mali iliyowekwa ghalani, kila kitu peke yake. Kila mmea waishi kwa msaada wa viumbe vingine. Tuangalie mifano mitatu.

1. Kastanyeira. Mti huu wa msitu wa Amazon huweza kufika meta 50. Ua lake lina kifuniko, na ni nyuki wakubwa wenye nguvu tu wawezao kukiinua na kuingia. Tunda lake, gumu kama ubao, laweza kuwa na uzito wa kilo 2. Laanguka chini bila kupasuka. Basi nani atalipasua? Ni aguti, mnyama wa jamaa ya panya, mkubwa kama sungura. Hutoboa ganda kwa meno, hula mbegu chache, na nyingine huzifukia kwa siku za njaa. Zile anazozisahau ndizo zinazoota. Kwa hiyo, wakifyeka msitu na kuacha mti huu peke yake katika malisho ya ng'ombe, utasimama miaka mingi, lakini matunda yatapunguka, nao utakosa watoto.

2. Mti wa mpira. Msituni mti huu husimama mbali na wenzake. Kuna ugonjwa wa majani humo, lakini hauruki kwa urahisi toka mti mpaka mti. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alipeleka mbegu 70,000 hivi London. Miche yake ikafika Asia, na ugonjwa haukusafiri nayo. Ndiyo sababu mashamba ya huko yalistawi. Kinyume chake, Henry Ford, tajiri wa motokari, alianza mwaka 1928 shamba kubwa huko huko Brezili, kando ya mto Tapajós. Miti ilipandwa karibu karibu, ugonjwa ukaenea jani kwa jani, na mwaka 1945 aliacha kazi kwa hasara kubwa.

3. Muhogo. Mnamo mwaka 1973 walionekana katika Kongo, iliyoitwa wakati ule Zaire, wadudu wadogo weupe, kama waliopakwa unga. Walitoka Amerika ya Kusini, na huku hawakukuta adui. Ncha za mihogo zilikunjamana, sombe ikakosekana, mizizi ikawa midogo. Dawa ya kunyunyiza ilikuwa ghali mno kwa mkulima. Basi wenye elimu walirudi kutafuta katika bara la asili ya muhogo. Mwaka 1981, katika Paragwai, jirani ya Brezili, walipata nyigu mdogo sana, ambaye hutaga yai ndani ya mdudu yule. Mtoto wake hula mwenyeji wake toka ndani. Mswisi Hans Herren aliongoza kazi ya kumzalisha nyigu huyo huko Ibadan, Nijeria, na kumwachilia katika inchi nyingi za Afrika. Mihogo ikapona.

Tufahamu basi: nyigu yule hakuwa na thamani sokoni, wala hakuna aliyemlinda. Kama vichaka vyake vingalifyekwa mbele, nani angalijua hasara yetu? Anayeteketeza msitu usiojulikana huenda anateketeza dawa kabla ya ugonjwa kufika.

Nanyi mnaofundisha watu kulima, waambieni wasichome kila kichaka, tena wasilete vijiti vya muhogo toka mbali bila kuvichungua vizuri. Adui husafiri upesi. Msaidizi wake hubaki nyuma.