Je, Kamba Wako Walifugwa Vipi?

Wewe mpenzi wa kamba, huenda hujawahi kujiuliza walifugwa vipi. Mnamo 2001 na 2002, Ulaya iligundua kloramfenikoli katika kamba kutoka Asia. Dawa hiyo, ingawa ni kwa nadra, huweza kuuzuia mwili kutengeneza damu. Wafugaji hushawishika kutumia dawa kamba wanaposongamana bwawani na kuugua.

Huko Kerala, India, wakulima wa pokkali hulima mpunga kuanzia Juni hadi Oktoba. Kisha hufungulia maji ya bahari, yakaingia na kamba wachanga ambao hula mabaki ya mpunga. Kinyesi chao ni mbolea, tena ya bure!

Mavuno ni haba. Yaweza kuongezwa kwa kamba wachanga waliopimwa magonjwa, mradi wasijazwe kupita kiasi. Ukienda sokoni, muulize mwuzaji kamba wake wametoka wapi.