Barabara na njia: tusichanganye

Kuna siku nilipata kazi ya enquête pande za Ndosho, hapa Goma. Majibu ndiyo yalikuwa ya kuamua camion ya maji itafika wapi. Kwenye formulaire kuliandikwa « route », nami nikatafsiri kama nilivyosoma: “Nyumba yenu iko karibu na barabara?” Mama mmoja akanijibu, “Hapana, mwanangu. Barabara iko kule chini, huku tuko na njia tu.” Nikatia hapana. Mpaka jioni karibu nyumba zote zilikuwa hapana, na moto zilikuwa zinapita mbele yetu tukiongea!

Kosa ni langu. Kwa Kiswahili cha Goma, barabara ni ile kubwa, ya goudron ama ya kutoka mji kwenda mwingine: barabara ya Sake, barabara ya Rutshuru. Ile ya makoro inayoingia kati ya nyumba ni njia, hata kama camion inapita. Na mtu akikuambia anakaa wapi, atataja avenue na quartier, barabara haimo.

Lingala ilichukua neno hili, ikalifanya balabala, na kule linaingia mpaka mtaani: mtoto wa mtaani ni mwana ya balabala. (Sisi tunamwita maibobo.) Warundi wanasema ibarabara. Na ukisikia Mtanzania anasema kazi imefanyika barabara, sauti imekazwa kwenye “ra” ya kwanza, hasemi mambo ya gari: ni kusema imefanyika sawasawa kabisa. Ukipita njia zetu na chukudu iliyojaa viazi, utacheka peke yako.

Lakini hapa kwetu neno lina uzito wake. Njia ikifungwa, ni jirani amemwaga mchanga wa kujenga, unazunguka. Barabara ikifungwa, watu wanauliza bei ya makala na maharagwe. Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilikata ile ya Rutshuru. Mwezi wa pili 2024 vita vikafika Sake, na kila mama wa soko alijua maana yake kabla ya redio kusema.

Kesho yake nilibadilisha swali: “Gari inaweza kufika mpaka hapa?” Nikarudi kwa yule mama. Akacheka: “Sasa si ungeuliza vile jana? Inafika, ila mvua ikinyesha, hapana.” Hilo la mvua formulaire haikuwa na nafasi yake. Nililiandika pembeni, kwa kalamu.