Maziwa ya Mama Hayaharibiwi na Mawazo

Siku ya kupima watoto katika vijiji vya Bahi, mkoani Dodoma, mzani wa kuning'iniza hufungwa penye kivuli, mtoto akavalishwa ile kaptula ya kitambaa na kupimwa huku akilia. Mama hushika kadi ya kliniki akingoja muuguzi aweke nukta mahali pake. Nukta ikishuka, maneno huanza kabla hajafika nyumbani. Huyu husema maziwa yake yameharibika kwa mawazo, yule husema yamekauka, na mwingine hunong'ona kwamba mtoto amebemendwa, yaani amedhoofika kwa sababu wazazi wamelala pamoja akiwa bado ananyonya. Jioni hiyohiyo unakorogwa uji mwepesi wa uwele, na mtoto wa miezi miwili anaanza kulishwa kwa kijiko.

Nalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna ukweli kidogo, na huo ukweli kidogo ndio unaofanya kosa kubwa liaminike.

Titi lina kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza maziwa, na msimamizi wake ni homoni iitwayo prolaktini, inayopanda kila mtoto anaponyonya. Ya pili ni kuyaachilia. Hapo ubongo wa mama hutoa homoni nyingine, oksitosini, ambayo hubana vifuko vidogo vya maziwa ndani ya titi na kuyasukuma kuelekea kwenye chuchu. Akina mama huijua saa hiyo kwa kuhisi maziwa yanashuka, na wengine huanza kuchuruzika wakisikia tu sauti ya mtoto. Hofu, maumivu na ugomvi huishika hasa hiyo kazi ya pili.

Mwaka 1948, nchini Marekani, Michael Newton na mkewe Niles walichapisha jaribio dogo lililofanyika kwa mama mmoja tu, lakini lililoeleza mengi. Siku alizoachwa atulie, mtoto alipata wastani wa gramu 168 kwa mnyonyo mmoja. Siku alizosumbuliwa kwa makusudi, mara miguu ikitumbukizwa katika maji ya barafu, mara vidole vya miguu vikivutwa hadi viume, mtoto alipata gramu 99. Kisha mama akasumbuliwa vilevile lakini akachomwa sindano ya oksitosini, na kipimo kikapanda hadi gramu 153. Maziwa yalikuwemo muda wote, ila hayakuwa yanashuka. Watafiti wa Japani walipopima damu ya wanyonyeshaji katika miaka ya 1990, waliona jambo linaloafikiana na hilo: kelele na hesabu za kuumiza kichwa zilipunguza mapigo ya oksitosini, lakini prolaktini haikuguswa.

Kwa hiyo mama anayesema maziwa hayatoki anasema kweli, na tusimbishie. Tunapokosea ni pale tunapomjibu kwamba yamekwisha. Mtoto akiachishwa titi kwa siku kadhaa, prolaktini nayo hushuka, maziwa yanapungua kwelikweli, na ule ubashiri wa majirani unatimia kwa mikono yao wenyewe.

Sasa tuangalie siku ya mama wa Bahi. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili au karibu na hapo, na isiponyesha vizuri mtama na uwele hukauka shambani. Wenye majaruba ya mpunga kando ya bwawa la Bahi nao wanaitazama mvua hiyohiyo. Miezi ya palizi ndiyo miezi ambayo akiba ya mwaka uliopita imefika chini ya ghala. Mama aliyejifungua Januari anaingia shambani na mtoto mgongoni, anarudi kutafuta kuni na maji, anapika, na usiku ndipo anapoanza kunyonyesha akiwa ametulia kidogo. Kama mume ameenda kutafuta kibarua Dodoma mjini, yapata kilomita 60 kutoka hapo, mawazo ya ada, ya deni na ya chakula cha kesho yanalala naye kitanda kimoja.

Wengi hudhani tatizo lote ni chakula. Katika kijiji cha Keneba nchini Gambia, ambako nako kuna msimu wa mvua na njaa ya kabla ya mavuno, watafiti waliwapa wanyonyeshaji chakula cha ziada, na wingi wa maziwa haukuongezeka. Mwili wa mama huyalinda maziwa hata kwa kujinyima wenyewe. Hilo lisitumiwe na yeyote kusema mama anaweza kukaa na njaa. Gharama huilipa yeye, kwa damu, nguvu na afya yake, na baadhi ya vitamini hupungua katika maziwa kama hazimo katika chakula chake. Mlenda, karanga, kunde na ubuyu vinamhusu yeye kwanza.

Je, huzuni hupita ndani ya maziwa? Kuna homoni ya msongo iitwayo kotisoli, na ni kweli inaonekana katika maziwa ya mama. Huwa nyingi asubuhi na kupungua jioni, kwa mama yeyote, mwenye raha na mwenye shida. Mtafiti Katie Hinde na wenzake, wakichunguza nyani aina ya rhesus huko California, waligundua kwamba watoto walionyonya maziwa yenye kotisoli nyingi walikuwa na woga zaidi na hawakuwa wajasiri, ingawa walikua haraka. Kwa binadamu ushahidi bado ni mchache na haukubaliani. Hakuna hata mmoja kati ya tafiti hizo unaomshauri mama aache kunyonyesha kwa sababu ana huzuni. Hatari iko katika kinachowekwa mahali pa titi: uji uliokorogwa kwa maji yasiyo salama huleta kuhara, na kuhara huua.

Njia kubwa zaidi ambayo msongo wa mzazi humfikia mtoto haimo katika maziwa. Imo katika uso. Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka kwenye titi hadi kwenye macho ya mama. Anaponyonya anatazama, anasikiliza, anajibiwa. Ubongo wake, ambao akizaliwa huwa na uzito wa takriban robo ya ule wa mtu mzima, hujengeka kwa mazungumzo hayo. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba akina mama wawatazame watoto wao kwa dakika chache bila kuonyesha hisia yoyote. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakahangaika, kisha wakageuza uso. Mama mwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, hachagui kuwa na uso wa namna hiyo. Ugonjwa ndio unaomfunga.

Na ni ugonjwa unaotibika. Kwetu Dodoma neno la afya ya akili likitajwa, watu husikia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na mama anakaa kimya asije akaitwa kichaa. Lakini huko Pakistan, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulitumia wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wasio na shahada, waliofundishwa kumtembelea mama nyumbani, kumsikiliza na kupanga naye hatua ndogondogo. Baada ya miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, huku kwa wale waliotembelewa bila mafunzo hayo wakiwa asilimia 53. Sisi tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Katika kila ziara ya kupima uzito wa mtoto, mama naye aulizwe amelalaje, na nani anamsaidia.

Kuhusu kubemenda, nasema wazi. Wazazi kulala pamoja hakuharibu maziwa. Wazee walikuwa wameona kwamba nyumba yenye ugomvi na mume asiyetulia hutoa mtoto dhaifu, na hilo halikuwa kosa la macho yao. Lakini neno hilo leo humfanya mama aone aibu kumpeleka kliniki mtoto aliyekonda, na aibu hiyo huwachelewesha watoto kupata matibabu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee ni asilimia 64. Waliobaki ni zaidi ya theluthi moja. Kipimo cha kujua kama maziwa yanatosha ni chepesi: mtoto anakojoa mara sita au zaidi kwa siku, na uzito unapanda kwenye kadi. Kama dalili hizo hazionekani, mama na mtoto wakae ngozi kwa ngozi, mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi usiku na mchana, mgongo wa mama ukandwe, na afike zahanati. Huzuni ikizidi wiki mbili, afike pia, hata kama mtoto ni mzima.

Baba wa Bahi, msimu huu wa palizi mkeo akiwa ananyonyesha, ndoo ya maji ichukue wewe. Nawe mama mkwe, kabla hujakoroga uji, mshike mtoto saa moja ili mama yake alale.