Baridi Yabisi: Mganga na Daktari Wajuane

Adhana ya alfajiri inaposikika Bongwe, karibu na Ukunda, mgonjwa wa baridi yabisi huwa yu macho zamani. Kinachomtaabisha ni viungo. Vidole vimekakamaa hata kushika kata ya kutawadhia ni kazi, na magoti hayakubali kikao cha tahiyatu. Mpaka jua lipande ndipo mwili ulainike kidogo, aweze kukuna nazi au kushona makuti.

Mara nyingi tiba huanzia nyumbani. Mgonjwa hukandwa kwa mafuta ya habasoda, hunyweshwa tangawizi, hufukizwa kwa majani ya mwarobaini. Mambo haya yana asili yake. Jina lenyewe la maradhi linatukumbusha utabibu wa kale wa Waarabu, ule alioukusanya Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Kwa matabibu hao, kila ugonjwa na kila mti ulikuwa na tabia yake: moto au baridi, umaji au uyabisi, yaani ukavu. Maradhi ya baridi yalitafutiwa vitu vya moto, kama tangawizi.

Utabibu wa leo una maelezo mengine. Aina kali ya maradhi haya, ile inayovimbisha vidole vya mikono yote miwili na kumkakamaza mtu asubuhi kwa saa nzima au zaidi, haitokani na baridi. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hugeuka wakashambulia viungo vyenyewe. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Ukiachwa, ugonjwa huu hula mfupa, na mfupa ulioliwa haurudi. Kwa hiyo miezi ya mwanzo haifai kupotezwa.

Dawa kubwa ya hospitali ni methotrekseti. Humezwa mara moja kwa juma, si kila siku, na anayekosea hesabu hiyo hujitia hatarini. Damu hupimwa mara kwa mara ili ini na figo zichunguzwe. Mja mzito haruhusiwi kuimeza.

Je, mitishamba itupwe? La. Aspirini yenyewe, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani mwaka 1899, chimbuko lake ni magome ya mti wa Ulaya uotao kando ya mito. Na huko China, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahusisha wagonjwa 207 wa maradhi haya. Waliopewa methotrekseti pamoja na dawa ya mmea uitwao lei gong teng walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa methotrekseti peke yake. Hata hivyo mmea huo una sumu, na huweza kudhuru uzazi. Wagonjwa wale walipewa kwa kipimo, na daktari akijua.

Hapo ndipo penye shida yetu. Sisi huchanganya kwa siri. Anayemeza aspirini kisha akazidisha tangawizi na kitunguu saumu aweza kutokwa na damu kwa wepesi. Mizizi isiyojulikana, ikiongezwa juu ya methotrekseti, yaweza kulielemea ini. Tena ziko poda zinazouzwa kwa jina la miti mitupu, kumbe zimetiwa steroidi. Mgonjwa huona nafuu ya haraka akaisifu poda; baadaye uso huvimba, sukari na presha hupanda, na mifupa hudhoofika.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inautambua utabibu wa jadi, na imetaka pawekwe utaratibu wa waganga kuwapeleka wagonjwa hospitali. Lakini sheria haiwezi kumsemea mgonjwa. Aendaye hospitali ya Msambweni na achukue vidonge vyake, na pia majani, mizizi au kikopo anachotumia, amwonyeshe daktari bila haya. Mganga naye aambiwe ni vidonge gani vinavyomezwa. Daktari naye asimkaripie mgonjwa, maana akaripiwaye leo kesho hatasema.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila maradhi yana dawa, nasi tuitafute. Kutafuta huko hakutaki siri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha dawa naye yumo katika njia hiyo hiyo.