Shikamoo ya Paka

Kiswahili kina msemo wa kufyata mkia, na kila anayeusikia anajua mwenye mkia huo ni mbwa. Paka hatukumpa msemo wa namna hiyo, na nadhani pengo hilo halimo katika lugha tu. Tukitaka kujua paka ana nini moyoni tunamsoma kama tunavyomsoma mbwa. Mkia ukitikisika tunasema amefurahi, akilala chali tunasema anataka kukunwa tumbo, kisha tunautazama mkono uliojaa mikwaruzo na kumwita mnyama wa hila. Charles Darwin aliiona tofauti hii zamani, katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna wanadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Mbwa anayemlaki bwana wake, alieleza, hujishusha na kujinyonganyonga, masikio nyuma, mkia chini ukiyumba. Paka mwenye mapenzi husimama wima, mgongo umepanda kidogo, masikio juu, mkia umenyooka kuelekea dari, huku akijisugua. Wanyama wawili wa nyumba moja, hisia moja, na miili inayokwenda kinyume.

Ninachotaka kukionyesha hapa ni kwamba katika mambo yote yanayofanywa na mkia wa paka, moja tu ndilo ujumbe wa kweli, yaani jambo linalopelekwa kwa mwingine ili alijibu, nalo ni mkia uliosimamishwa wima. Mengine yaliyobaki ni dalili. Goti la mtahiniwa hutikisika chini ya meza bila kumwambia msimamizi chochote, lakini anayeliona anajua mwenye goti ana hali gani. Mtu anayechanganya salamu na dalili atasoma mkia wa paka miaka ishirini na bado atashangaa anapong'atwa.

Tuanze na salamu. Mtazame paka anayetoka uani jioni kumfuata mtu anayemjua. Zimebaki hatua tano au sita, mkia unapanda kama bendera asubuhi shuleni, na mara nyingi ncha yake inajikunja kama mpini wa bakora. Akifika anajisugua mguuni, shavu kwanza, ubavu ukafuata, na mkia unamalizia kwa kuuzungukia mguu. Mpangilio huohuo, mkia kwanza na kujisugua baadaye, ndio paka wanaofahamiana hupeana wao kwa wao. Lakini je, ni mkia wenyewe unaosomwa, au ni harufu, sauti na macho? Katika miaka ya 1990 Charlotte Cameron-Beaumont wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, alitengeneza vivuli vya paka, vingine vina mkia juu na vingine mkia chini, akawaonyesha paka wa majumbani. Waliokutana na kivuli chenye mkia juu walielekea kuinua wa kwao na kukisogelea. Kivuli chenye mkia chini hakikupokewa hivyo. Kivuli hakina harufu ya paka, hakilii wala hakikonyezi, kwa hiyo kilichosomwa ni umbo la mkia peke yake.

Ushahidi wa pili unatoka Roma, mji wenye makundi ya paka wasio na wenyewe. Simona Cafazzo na Eugenia Natoli walilifuatilia kundi mojawapo na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Mkia wima uliandamana na kunusana pua na kujisugua, mambo ya upole, wala haukuwa mwenzi wa ugomvi. Tena haukugawanywa sawasawa: paka wa daraja la chini ndio walioinua zaidi, na wa daraja la juu ndio walioinuliwa zaidi. Watafiti huhitaji kurasa kulieleza jambo hili, lakini mtu aliyekulia katika Kiswahili amekwisha kulielewa. Mdogo anaamkia, mkubwa akipenda anaitikia. Ni shikamoo na marahaba yake, na kwa kuwa wengi husema asili ya shikamoo ni kushika miguu, hata hapo paka hajapungukiwa.

Kwa nini mnyama huyu ahitaji shikamoo? Jibu limo katika ukoo wake. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na kimburu, yule paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati ambaye hata leo anaishi katika mbuga zetu. Kimburu huishi na kuwinda peke yake, na akikutana na mwenzake jambo la busara kwa wote wawili ni kupishana. Kisha wakulima wa Mashariki ya Kati wakaanza kuhifadhi nafaka, nafaka ikaleta panya, panya wakamleta kimburu. Kaburi lililofukuliwa Cyprus, ambamo paka alizikwa karibu na mtu, lina umri wa miaka 9,500 hivi. Ghafla mnyama wa upweke akajikuta yuko na wenzake wengi penye chakula kingi. Hali hiyo unaweza kuiona hadi leo Lamu, mji ambao paka wake wanajulikana sawa na punda wake, pale dikoni samaki wanaposhushwa: makucha mengi, meno mengi, na eneo dogo. Penye msongamano wa wenye silaha lazima iwepo njia ya kusema kwa mbali kwamba nakuja kwa amani, nayo lazima ionekane kabla ya kufikiana. Huenda paka waliichukua utotoni, maana kitoto cha paka humwendea mama yake mkia ukiwa juu. Na katika jamaa yote ya paka, mwingine anayeinua mkia anapokwenda kusuguana na wenzake ni simba, ambaye naye huishi kwa makundi. Chui, mpweke, hana wa kumwamkia.

Atakuja mtu aseme: mbona paka shume naye huinua mkia anaporushia mkojo ukutani? Ni kweli, na mkao unafanana sana, hata mtetemo wa mkia. Ila salamu hutolewa kwa uso. Shume anayetia alama ameupa ukuta kisogo, anakanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma, na hana anayemwendea. Paka wa nyumbani anayetetemesha mkia huku akikukabili hana shida. Anayetetemesha huku amelipa pazia mgongo, wahi pazia.

Sasa dalili, na huku ndiko makosa mengi yanakofanyika. Ncha inayochezacheza, mkia unaopiga sakafu, mkia unaochapa kulia na kushoto: majedwali yanayosambazwa huipa kila namna tafsiri yake, kana kwamba paka anatamka maneno. Mtazame basi paka aliyekaa dirishani akimvizia shomoro. Mwili wote umeganda, kiwiliwili kimebanwa chini, na mkia pekee, hasa ncha, unacheza. Anazungumza na nani? Shomoro ndiye wa mwisho ambaye mwindaji angependa amwone. Mkia huo unamhujumu mwenyewe, na hakuna ujumbe unaotumwa kwa hasara ya mtumaji kila siku. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba mwili umechochewa, nguvu ya kuruka na nguvu ya kujizuia zinavutana, na kinachobaki kinatokea mkiani. Ndiyo maana mkia huohuo unachapa paka anapoviziwa na paka wa jirani, anapocheza na uzi, na anapochoshwa na mkono wako. Unakuambia kiasi cha mchemko, hauelezi kinachochemka.

Mkono wako ndio mfano wa karibu. Paka amelala mapajani, anakoroma kwa raha, mkono unapita kutoka kisogoni hadi kiunoni. Baada ya dakika chache ncha ya mkia inainuka na kugonga paja mara moja. Mkono unaendelea. Ngozi ya mgongo inapitiwa na wimbi dogo, kama ya ng'ombe anayefukuza nzi. Sikio moja linageuka nyuma. Mkia sasa unagonga mfululizo, na kukoroma kumekatika bila wewe kugundua. Ndipo meno yanapokuja, na mwenye mkono huapa kwamba kageuka ghafla. Hakuna ghafla hapo; dalili tano zimepita. (Meno yakiingia kwenye ngozi, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya, kwa sababu kichaa cha mbwa huletwa na paka pia.)

Pingamizi gumu kuliko yote ni la mkia uliofura. Nywele zimesimama zote, mkia umekuwa kama brashi ya kuoshea chupa, mgongo umejipinda, paka amesimama ubavu. Huo si ujumbe kwamba ondoka? Nakubali nusu. Nywele husimamishwa na visuli vidogo vilivyo ndani ya ngozi, vinavyoamriwa na neva zilezile zinazoharakisha mapigo ya moyo mtu akishtuka. Paka hachagui kufura kama wewe usivyochagua kusisimkwa mwili. Hata hivyo kufura huko kunamtisha adui kwa kumwonyesha umbo kubwa, na pengine ndiyo sababu tabia hiyo ilidumu. Kwa hiyo ni dalili iliyofanywa silaha. Bado si salamu wala mazungumzo, maana haingoji jibu. Inangoja nafasi ya kukimbia. Wanaocheka na kupiga picha paka aliyefura wanampiga picha mnyama aliyejawa na hofu.

Wapo watakaosema wao hawahitaji nadharia kwa sababu paka wao wanamjua. Uzoefu una thamani, lakini una mipaka iliyopimwa. Mwaka 2019 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu zaidi ya 6,000 walionyeshwa vipande 20 vya video za nyuso za paka na kuulizwa kama paka yuko katika hali nzuri au mbaya. Wastani haukufika 12 kati ya 20, karibu na kurusha sarafu. Madaktari wa mifugo walifanya vizuri zaidi, jambo linaloonyesha kwamba jicho linafundishika. Na jicho likifundishwa huacha kuukodolea mkia. Huuchukua mkia kama kipimo cha joto la mwili mzima, halafu huuliza masikio: yakielekea mbele kuna hamu, yakilala pembeni kuna hofu. Mboni pana huthibitisha mchemko, ila kwenye chumba chenye giza hazithibitishi kitu. Kope nazo zina lao. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mtu akimfumbia paka macho polepole, paka huelekea kufumba vilevile, na huwa tayari zaidi kumsogelea hata mgeni.

Vipi basi paka wasio na mkia, kama wale wa Kisiwa cha Man? Salamu yao imepungua neno, lakini pua na mashavu yapo, na mwendo wa kujongea bila haraka hauhitaji mkia. Wa kumwangalia ni yule ambaye mkia anao na hauinuki. Paka aliyegongwa na bodaboda, au aliyevutwa mkia na mtoto, anaweza kutembea vizuri kabisa huku mkia ukining'inia kama kamba. Hapo mkia haumaanishi huzuni wala hofu. Pingili za pale mkia unapoanzia huenda zimeachana, na neva zilizovutwa pamoja nazo ni jirani za zile zinazohudumia kibofu cha mkojo. Usisome masikio, usipime mboni. Angalia kama mchanga anamokojoa umelowa, na kama ni mkavu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.