HERUFI JUU YA KIOO



Katika kiangazi kilichopita vijana wa madrasa yetu, hapa Kyerwa, walitujia na ombi. Walikuwa na kioo kilichonunuliwa Omurushaka na kuletwa hadi Nkwenda kwa pikipiki, kimefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Walitaka kuandika juu yake aya ya Qurani kwa rangi ya kopo, ile ya kupuliza, kisha wakitie katika ukuta wa kibla wa msikiti.

Nia yao tuliipenda, lakini rai yao hatukuikubali yote. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika kitabu chake At-Tibyan kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii ni karaha kunakshi kuta kwa Qurani na kwa majina ya Mwenyezi Mungu. Tena maandishi yaliyo mbele ya mwenye kusali humvuta macho na kumpunguzia unyenyekevu.

Kijana mmoja akauliza, "Ustadhi, mbona Misri waliandika?" Swali lake lilikuwa la haki. Katika karne ya 14 mafundi wa Kairo walitengeneza taa za kioo za misikitini, na nyingi waliziandika kwa rangi na dhahabu Aya ya 35 ya Suratun-Nur, aya inayotaja taa iliyo ndani ya kioo. Baadhi ya taa hizo zimo katika majumba ya makumbusho hata leo. Tukamjibu kwamba katika jambo hili watu wamehitilafiana, nasi twashika lililo na hadhari zaidi. Basi tukaafikiana: kioo kiandikwe alfabeti ya Kiarabu, tangu alifu hata ya, kitundikwe darasani wasomee watoto wadogo.

Namna ya kuifanya kazi

Kwanza kioo huoshwa kwa maji na sabuni, kikaushwe, kisha kipanguswe kwa spiriti. Kwani alama moja ya kidole chenye mafuta yatosha kuifanya rangi ibanduke. Halafu hufunikwa chote kwa karatasi ya kunata, au kwa ule utepe wa karatasi ambao mafundi wa magari huutumia wapakapo rangi. Herufi huchorwa juu ya karatasi, zikakatwa kwa wembe mpya, na kile kipande cha herufi huondolewa. Lile tundu la herufi ya waw na ya mimu ni kisiwa kidogo cha karatasi. Kisiwa hicho yapasa kibaki mahali pake. Na nukta zihesabiwe mara mbili, maana ba iliyopotewa na nukta si ba tena.

Kingo zote hukandamizwa kwa ukucha, rangi isije ikapenya chini yake. Kopo hutikiswa vema, likashikwa mbali kadiri ya sentimita 25 au 30, na mkono uwe unatembea kabla rangi haijatoka. Matabaka matatu membamba ni bora kuliko moja zito, kwani lililo zito huchuruzika. Karatasi hubanduliwa rangi ikiwa imeshika lakini haijawa ngumu. Ukichelewa, kingo hukwanyuka.

Sisi tulichagua kupaka upande wa nyuma wa kioo, ili mikono ya watoto isiifute rangi. Herufi hupulizwa kwanza kwa rangi nyeupe. Zikisha kukauka, kioo chote hupulizwa kijani juu yake. Mwenye kutazama kwa mbele huona herufi nyeupe katika uwanja wa kijani.

Kosa letu

Hapo ndipo tulipokosea. Tulipokuwa tukichora, mwanafunzi wetu mmoja, mdogo kuliko wote, alisema kwa sauti ya chini, "Ustadhi, naona kama tutazisoma kinyume." Tulimwambia anyamaze, wakubwa wako kazini. Rangi ilipokauka tukakigeuza kioo. Alifu na ba hazikutusuta sana, lakini jimu, dali na kafu zilikuwa zimetupa mgongo, na safu nzima yaanzia kushoto! Watoto walicheka, nasi tulitafuta pa kuuficha uso.

Siku ya pili tuliikwangua rangi yote kwa wembe na thina. Tukaandika herufi upya juu ya karatasi nyembamba, tukaigeuza, tukazifuata kwa nyuma dhidi ya mwanga wa dirisha, na hizo zilizogeuka ndizo tulizozihamishia kwenye kioo. Lakini kabla ya kuanza tulimwita yule mtoto mbele ya wenzake, tukamwomba radhi. Twasomesha kila siku kwamba haki hupokewa kwa yeyote aliyekuja nayo. Ilikuwa aibu kuikataa kwa sababu ilitoka katika kinywa kidogo.

Mambo ya kuhadhari

Rangi hii ina moshi unaodhuru kifua, na gesi yake hushika moto upesi. Ipulizwe nje, mbali na jiko na taa, watoto wakae upande utokako upepo, na mwenye kupuliza afunike pua na kinywa. Jirani yetu alikuwa ameanika kahawa yake juu ya jamvi. Ilitubidi tuhame nyuma ya migomba, kwani upepo haujui mpaka wa shamba. Kopo lililokwisha lisitupwe motoni wala kuachwa juani, kwa sababu hupasuka.

Tena rangi ya mafuta ikishika ukucha au ngozi huwa ni tabaka lizuialo maji, na udhu hautimii mpaka iondolewe. Mafuta ya kula na sabuni huitoa. Hina si hivyo, kwa kuwa ni rangi tupu isiyo na mwili.

Leo kioo kimetundikwa darasani, na asubuhi jua la Kyerwa likiingia dirishani herufi zake hung'aa. Yule mtoto ndiye awashikiaye wenzake fimbo ya kuonyeshea. Nanyi wazazi, mtoto anenapo kwa sauti ya chini, msikilizeni kabla rangi haijakauka.

Wabillahi tawfiq.