Ngozi ya Kauri Juu ya Chuma

Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 ilianza kwenda Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Wananchi wa visiwani wanaijua habari hiyo. Ni wachache, hata hivyo, waliojiuliza gesi hiyo ikishafika huko inawaka ndani ya nini.

Inawaka ndani ya turbini za umeme, na moto wake hupita kwa mbali nyuzi 1,000 za sentigredi. Mapanga ya nikeli yanayozungushwa na moto huo yangelainika lau yasingepoozwa kwa hewa na, aghalabu, kuvikwa ngozi nyembamba ya kauri iitwayo zirkonia. Kauri hiyo hunyunyizwa kwa mwali wa gesi iliyopashwa moto kwa umeme. Wataalamu wametumia pia leza, yaani mwanga uliokusanywa mahali pamoja ukapata nguvu ya kuyeyusha. Leza ya kwanza iliundwa Marekani mwaka 1960; leo zipo zenye nguvu ya maelfu ya wati. Unga wa kauri humwagwa penye mwali, ukayeyuka na kuganda kufumba na kufumbua. Lakini chuma kikipata moto hutanuka kuliko kauri, nayo kauri hupasuka ikabanduka. Kwa hiyo hutangulizwa tabaka la madini la kuwapatanisha wawili hao, mithili ya mshenga.

Mtu wa Kilwa asilione jambo hili kuwa geni. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yana vigae vya vyombo vya Uchina na Uajemi ambavyo mng'aro wake haujafifia kwa karne nyingi. Wazee wetu walivipata kwa biashara ya dhahabu na pembe. Wafinyanzi wetu walifinyanga vyungu imara, ila bila mng'aro. Siri yake ilibaki ng'ambo, na faida yake pia.

Je, tuirudie biashara ile kwa gesi? Hatusemi leza inunuliwe kesho. Ni ghali mno. Tunalowataka wahusika serikalini ni hili: kila mkataba wa matengenezo ya turbini uwe na nafasi za vijana wa Songo Songo, Kilwa na Lindi, wajifunze kuyakagua mapanga na kuitambua kauri inayoanza kubanduka. Chuo cha VETA Lindi nacho kianze na kunyunyiza zinki juu ya chuma, maana gati na mashua zetu zinaliwa na chumvi kila siku.